Kabla hujafungua lango: jibu kwa mfinyanzi wa Likoni

Swali: "Kaka, salaam aleikum. Mimi ni mfinyanzi, naishi Likoni, Mombasa, kama nusu kilomita kutoka baharini. Ua wangu ni robo ekari: minazi sita, mwembe mmoja mkubwa, kisima, kibwawa cha yungiyungi, bogenvilia ukutani, asumini na mrehani nyuma ya nyumba, na kazi zangu za udongo zimewekwa kila pembe. Wanaonunua vyungu huomba waingie watazame. Nimesikia kuna nchi ambako wasanii hufungulia watu bustani za majumbani mwao kwa siku maalumu. Nataka kujaribu mara moja kwa mwezi, kwa kiingilio kidogo. Nianzie wapi, na nikaribishe watu wangapi bustani isiharibike?"

Waalaikum salaam, dada. Ulilosikia ni kweli. Uingereza mtindo huu ulianza mwaka 1927, kwa mpango ambao leo unaitwa National Garden Scheme. Wenye bustani za nyumbani walifungua malango kwa shilingi moja kila mgeni, na fedha zikaenda kwa wauguzi wanaohudumia wagonjwa majumbani. Mwaka ule wa kwanza zilifunguliwa bustani 609. Mpango ungali hai, na desturi yake haijabadilika: bustani ni ya mtu, hufunguliwa siku moja au chache kwa mwaka, kisha lango hufungwa na mwenyewe akabaki na bustani yake.

Naanza na hilo kwa sababu bustani za wasanii wenye majina makubwa zaweza kukupotosha. Ile ya mchoraji Claude Monet kule Giverny, Ufaransa, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1980, miaka 54 baada ya yeye kufa. Ya mchongaji Barbara Hepworth, St Ives, Uingereza, ilifunguliwa 1976, alikufa 1975. Nyumba ya buluu ya Frida Kahlo, Mexico, ilifunguliwa 1958, miaka minne baada ya kifo chake. Zinamudu kupokea watu msimu mzima kwa sababu mwenyewe hayumo tena: hakuna anayefinyanga, hakuna nguo kwenye kamba, hakuna mtoto aliyelala. Wewe umo. Aliye karibu nawe zaidi ni Jacques Majorelle wa Marrakesh, Moroko, aliyefungulia watu bustani yake kwa kiingilio mwaka 1947 akiwa bado hai, kwa sababu gharama za kuitunza zilikuwa zimemwelemea. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe watu wangapi. Liwe: sehemu gani ya ua huu sitaifungua kamwe?

Hapo mila zetu za Pwani zinakusaidia. Mgeni hukomea barazani; uani ni kwa wenyewe. Panga bustani vivyo hivyo. Mbele ya nyumba, chini ya mwembe na kando ya kibwawa pawe baraza lako, pa watu. Nyuma ya nyumba, penye asumini, mrehani, jiko na kamba ya nguo, pabaki uani. Ziba kwa ua wa makuti wenye urefu wa meta 1.8, si kamba wala kibao cha "usipite", kwani kamba humfanya mtu achungulie zaidi. Makuti yanaziba jicho huku yakipitisha upepo, nawe waweza kukaa nyuma yake ukapumua watu wakiwa bado mbele. Sehemu ya kufungiwa isipungue theluthi moja ya ua. Na ukitaka wageni waonje uani bila kuingia, chuma vikonyo vya asumini alasiri kabla havijafunguka, vitie pamoja na rihani, utunge vikuba vya kuuza langoni. Jua likitua asumini zitafunguka zikiwa tayari kwenye mtandio au kola ya mgeni, na harufu ya uani itavuka feri.

Sasa sehemu ya watu. Anayekuja kwenye bustani ya msanii anataka zaidi kujua wewe husimama wapi unapotazama. Hepworth alizipanga sanamu zake bustanini kwa mkono wake mwenyewe, na mpaka leo thamani ya pale ni kuona kazi mahali alipotaka ionekane. Zunguka ua wako siku tatu, wakati uleule utakaowaalika watu, uweke jiwe kila unaposimama bila kujiambia usimame. Yakusanye yabaki mawe matatu. Hivyo ndivyo vituo vyako. Kila kituo kipewe kazi moja au mbili za udongo zinazoonekana vizuri kutoka hapo, na nyingine zote ziondoke njiani. Kazi arobaini zikitapakaa zinageuka bidhaa sokoni, na mgeni hutembea akiuliza bei. Vyungu vya kuuza viwekwe mahali pamoja, karibu na lango la kutokea, si katikati.

Idadi ya watu inaamuliwa na mahali pembamba kuliko pote, si na ukubwa wa ua. Robo ekari ni kama meta mraba 1,000, lakini wageni wako hawatasimama kwenye meta 1,000. Pima kila kituo. Mtu anayetazama kitu kwa utulivu anahitaji karibu meta mraba moja. Ikiwa pale kando ya kibwawa pana nafasi ya meta 3 kwa 4, kundi lako ni watu 12, hata kama chini ya mwembe wanaenea 30. Wa kumi na tatu atakanyaga kitalu, na wa kumi na nne atamfuata kwa sababu nyasi zimeshalala. Lipe kundi dakika 45, kisha dakika 15 za kusafisha njia na kunywa maji. Kwa kuanzia pokea makundi mawili tu: la kwanza saa kumi, baada ya alasiri, la pili saa kumi na moja, na lango lifungwe kabla ya magharibi. Hiyo ni watu 24. Watakaovuka kwa feri waambie wafike upande wa Likoni nusu saa kabla, kwa sababu atakayechelewa atajiunga na kundi la pili na kuvunja hesabu yako yote.

Njia ndiyo itakayokugharimu, na ndiyo isiyofaa kubaniwa. Upana uwe sentimeta 120, watu wawili wapishane bila mmoja kushuka pembeni. 90 ni kiwango cha chini cha kiti cha magurudumu, na penye kona ya kugeuza kiti acha 150. Tuseme njia yako ni meta 40. Chimba kina cha sentimeta 15. Jaza sentimeta 10 za kifusi cha matumbawe ukishindilia mara mbili, katikati na mwisho, kisha sentimeta 3 za mchanga, na juu yake mawe ya Mazeras ya bapa yenye unene wa kama sentimeta 2. Kifusi kinachohitajika ni meta za ujazo 4.8, ila agiza 6 kwa sababu kikishindiliwa hupungua. Mchanga agiza meta za ujazo 2, wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi itakayopanda kwenye mawe na kunyonywa na mizizi, na kuuchota kunaudhuru ufukwe. Mawe agiza ya meta mraba 52 kwa eneo la 48, maana mengine yatavunjika. Laza njia ikiinama kidogo upande mmoja, sentimeta 2 kwa kila meta ya upana, maji yasituame. Usimruhusu fundi akupigie sakafu ya saruji iliyolainishwa: mvua moja, kivuli cha mwembe na ukoga wa kijani, na mama mtu mzima ameshateleza.

Lakini chini ya mwembe usichimbe hata kidogo. Mizizi inayoulisha mti iko juu juu, mingi ndani ya sentimeta 30 hadi 60 za kwanza, na inaenea hata kupita kivuli chake. Ukiikata ili kupitisha njia, au watu 24 wakisimama papo hapo kila mwezi udongo ukashikana kama tofali, hewa haifiki mizizini. Mti hauonyeshi mara moja. Baada ya msimu au miwili matawi ya juu yanaanza kukauka nchani, watu wanasema ni ugonjwa. Tandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimeta 10, ukiacha kiganja kizima cha nafasi kuzunguka shina ili lisioze. Makumbi mabichi yana chumvi. Yaloweke siku tatu, mwaga maji, uyatandaze. Kila baada ya miezi sita ongeza, maana yatakuwa yanageuka udongo. Kule Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kwenye machimbo yaliyobaki matumbawe matupu, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971, na udongo ulioko leo ulitokana na majani yaliyoanguka na kusagwa na majongoo. Kwa hiyo ukiwaona majongoo ndani ya makumbi, waache wafanye kazi.

Waache na majimoto pia, wale sisimizi wakali wa mitini. Najua mgeni akishaumwa shingoni utataka kupiga dawa mti mzima. Wale sisimizi wanakulindia minazi dhidi ya kunguni wanaofyonza nazi changa zikadondoka, na dawa hiyo itaishia kisimani na kibwawani. Kata matawi yote ya mwembe yaliyo chini ya meta 2.2, kwa sababu majimoto humfikia mtu kupitia tawi linalomgusa. Siku moja kabla kagua chini ya mapaa ya makuti na ndani ya vyungu vikubwa kama manyigu wamejenga. Wao hawavumiliki, watolewe usiku na mtu anayeijua kazi hiyo.

Minazi ni hatari kubwa kuliko yote uliyoniandikia, nawe umeitaja kama pambo. Nazi iliyokomaa ikianguka kutoka meta 15 inaua. Mwite mkwezi siku mbili kabla ya kila ufunguzi. Aangue zote zilizokauka na zinazokaribia, na aondoe makuti yanayoning'inia pamoja na makarara. Kwa kawaida wengi huangua kila miezi miwili au mitatu, lakini bustani ya watu haifuati ratiba hiyo. Hata hivyo kituo chochote kisiwe chini ya mnazi, na njia ikilazimika kupita hapo ipite tu, pasiwe na cha kumsimamisha mtu. Faida ni kwamba akiwa juu anaweza kukuangulia na madafu ya siku hiyo.

Kisima kiwe na ukingo wa meta moja kwenda juu na kifuniko cha zege au wavu mzito wa chuma uliofungwa kwa kufuli. Tanuri lako lisiwe na moto siku hiyo, na choma ya mwisho iwe imekwisha saa 48 kabla: matofali yanabaki na joto la kuunguza muda mrefu baada ya moto kuzimika, na watoto hugusa. Ikiwa ukutani una mnyaa au oleanda, ing'oe iliyo kando ya njia. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni hupeleka mtu hospitali, na oleanda yote ni sumu, majani, maua na mti. Bogenvilia ipunguzwe upande wa njia hadi meta 2, kwa ajili ya miiba.

Kuhusu mbu, mfinyanzi ana tabu ambayo mchoraji hana. Kila chungu kilichoachwa wazi uani ni kisima kidogo. Mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo Mombasa tunaijua, hapendi mitaro. Anapenda maji safi yaliyotulia chomboni, na huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea jioni. Hizo ndizo saa zako za wageni. Katika joto letu yai hufikia kuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo mzunguko wa kumwaga maji uwe kila siku 5. Kazi mpya zitoboe tundu la milimeta 15 kitakoni kabla ya kuchoma. Za zamani zipindue, au zijaze mchanga mpaka shingoni. Kibwawani weka samaki wadogo, gapi au vifaranga vya perege. Watu hudhani yungiyungi yenyewe inazuia mbu, ila majani yake huwapa viluwiluwi kivuli na maficho. Majani yasizidi nusu ya uso wa maji, ili samaki wafike kila mahali na wageni waone maji. Monet alikuwa na mtunza bustani aliyezunguka bwawani kwa mashua kusafisha yungiyungi, na aliigharimia barabara iliyopita kando itiwe lami, kwa sababu vumbi la magari liliyafunika majani. Wewe barabara hutaitia lami. Kama yako ni ya vumbi, panda ua mzito upande huo, na majani ya yungiyungi yaoshe kwa kopo la maji baridi asubuhi ya siku yenyewe.

Kazi za udongo zinazokaa nje karibu na bahari huharibika kwa njia mbili, zote zikitokana na chumvi. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo unanyonya maji. Maji yakipanda kutoka ardhini yanabeba chumvi, jua likiyakausha chumvi inabaki ndani ya ngozi ya chungu, inakua na kuibandua. Utaona kwanza unga mweupe, kisha magamba. Dawa yake ni kuinua kila kazi sentimeta 3 juu ya ardhi kwa mawe matatu ambayo maji hayapenyi, na iliyokwisha kuota unga iloweke kwenye maji ya mvua, ukiyabadilisha kila siku kwa wiki nzima, kisha ikauke kivulini. Njia ya pili ni chuma. Kazi ndefu, iliyozidi mara tatu ya upana wa kitako chake, lazima ishikiliwe, maana mtu ataiegemea na mtoto ataining'inia. Wengi huipitishia nondo ya kawaida ndani. Nondo ikishika kutu inavimba, na baada ya miaka michache inaipasua kazi kutoka ndani kwenda nje. Tumia fimbo ya chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, unene wa milimeta 12, iliyozamishwa kwenye zege la sentimeta 40 kwa 40 na kina cha 30. Theluthi ya chini ijaze mchanga mkavu ulionunua kwa ajili ya njia. Gharama ya fimbo moja itakuuma, lakini linganisha na kazi yenyewe.

Mimea nayo. Ukiona majani machanga yana rangi ya njano huku mishipa imebaki kijani, hasa kwenye iksora na gadinia, udongo hauna upungufu wa mbolea. Matumbawe yamefanya chokaa iwe nyingi mno na chuma kilichomo udongoni kimefungika, mizizi haikifikii. Kumwagia samadi zaidi hakuponyi upesi, na salfeti ya chuma ya bei nafuu inafungika vilevile ndani ya siku chache. Inayofanya kazi kwenye udongo wetu ni chuma cha kileti, yaani kilichofungwa ndani ya kemikali isiyokiacha kishikwe na chokaa, aina ya EDDHA, gramu 5 kwa meta mraba, iliyoyeyushwa katika lita 5 za maji na kumwagwa shinani jioni. Majani mapya yatatoka kijani; ya zamani hayarudi. Lakini ushauri wangu wa kweli ni kuziacha iksora. Mwongozaji filamu Derek Jarman alifanya bustani kwenye changarawe ya ufukwe wa Dungeness, Uingereza, bila uzio wala udongo wa maana, kwa kutegemea sana mimea iliyokwisha kuzoea chumvi na upepo wa pale, na watu wanasafiri mbali kuiona. Wewe una mkadi, mhina, mlangilangi, msubili, mkilua ukipata kivuli. Hiyo ni bustani ambayo mgeni kutoka Nairobi hajaiona, na haitakulilia dawa.

Maji ya kisima yaonje mwisho wa kiangazi, Machi, si baada ya masika. Yakiwa na ladha ya chumvi, yamwage shinani tu, yasiguse majani, na mara moja kwa wiki mwagia mengi kwa mkupuo yasukume chumvi chini ya mizizi. Kidogo kidogo kila siku ndiko kunakochoma ncha za majani.

Miezi mizuri ya kufungua kwako ni Julai mwishoni hadi Septemba, masika yameshapita, kusi inapoza hewa na kila kitu ni kijani. Desemba hadi katikati ya Januari ni ya pili, baada ya vuli. Aprili na Mei usijaribu. Hata njia nzuri hailindi udongo ulioloa, na mguu mmoja kwenye kitalu kilicholowa hudhuru kuliko kumi kwenye kikavu. Februari na Machi joto huwachosha watu kabla hawajafika kituo cha pili. Kwa hiyo "mara moja kwa mwezi" ifanye iwe mara nne au tano kwa mwaka. Mwezi wa Ramadhani acha. Ukishaichagua tarehe, hesabu wiki nane nyuma, uipogoe bogenvilia, kisha ipunguzie maji na usiitie mbolea: huchanua kwenye matawi mapya, na ikishiba maji hutoa majani tu. Mwagilia bustani nzima siku mbili kabla. Siku yenyewe usimwagilie, njia iwe kavu.

Wasaidizi ni watatu. Mmoja langoni mwenye orodha ya majina, mmoja anayetembea nyuma ya kundi, mmoja karibu na kisima na tanuri. Wewe usiwe mlinzi wala mpokea pesa. Kaa kituo cha mwisho, kwenye gurudumu lako kama unalo, ukifinyanga. Watu watauliza maswali mazuri zaidi wakiona mikono inafanya kazi kuliko wakihutubiwa. Choo kimoja safi chenye maji na sabuni kinatosha watu 24, na maji ya kunywa yatenge lita nusu kwa kila mtu. Mbwa afungwe kwa jirani.

Kiingilio kipige kwa hesabu. Jumlisha malipo ya wasaidizi, mkwezi, maji na sabuni. Ikiwa siku inakugharimu shilingi 6,000, watu 24 wanarudisha gharama kwa shilingi 250 kila mmoja, na chochote cha njia na chuma kinatoka juu ya hapo. Wasajili mapema na walipe kwa namba ya biashara ya M-Pesa badala ya namba yako ya simu, kwani kila anayekulipa hubaki na namba hiyo. Unapotoza kiingilio na kuuza vyungu mara kwa mara, serikali ya kaunti inaweza kukuhesabu una biashara. Nenda ofisi ya leseni kabla, si baada. Sheria ya Kenya ya dhima ya mwenye makazi, Sura ya 34, inakutaka uchukue uangalifu wa kadiri ili mgeni asidhurike, na inatambua kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Kibao cha onyo peke yake hakikukingi iwapo hakimwezeshi mtu kuwa salama, ndiyo maana nimesema kufuli kisimani. Ukipiga picha za wageni kwa matangazo, waombe ruhusa kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa haki hiyo. Wao nao waambie langoni wanachoruhusiwa kupiga: vituo vitatu ndiyo, nyumba na kazi zisizokamilika hapana.

Siku ya kwanza usitangaze. Alika majirani wanane, pamoja na mtoto mmoja mtukutu na mzee mmoja anayetembea kwa mkongojo, bila kiingilio, na usiwaongoze. Waache waende wenyewe huku wewe ukikaa nyuma ya makuti ukisikiliza. Wakishaondoka zunguka na chaki. Weka alama kila mahali nyasi zimelala, kila chungu kilichosogezwa, kila pahali walipokata kona. Njia ya mkato iliyokanyagwa na watu wanane itakanyagwa na wote, kwa hiyo ama ilaze mawe iwe njia, ama ifunge kwa mkadi uliopandwa ukiwa tayari na urefu wa meta moja. Mzee muulize alishika nini alipotaka kupumzika. Hapo ndipo paweke benchi. Kisha iache bustani wiki nne bila mgeni yeyote uone kama nyasi zitainuka. Zisipoinuka, kundi la watu 12 ni kubwa kwako. Anza na 8.